Maji Yalitakata Mapema

Mtanda, Lindi
3 Septemba 2024

Aliraza,

"Mto Namkwinda ni mzima. Maji yake ni maangavu, na wakazi wa sehemu za chini wanaweza kuendelea kuyatumia bila hofu."

Hayo ni maneno yako. Chini yake ipo sahihi yako, na sahihi hiyo naijua tangu tulipokuwa tunakaa dawati moja, wewe ukinichungulia majibu ya Historia. Ripoti yako ya afya ya bonde la Namkwinda nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nimeletewa ripoti ya mto mwingine.

Ulipima lini? Aprili. Aprili, Aliraza, hata mtaro wa nyuma ya choo changu hapa Mtanda huwa mzima. Ulipima wapi? Darajani, pale gari la ofisi linaposimama bila kuchafua matairi. Umekwenda kumpima mgonjwa siku ya harusi yake, ukamkuta kapakwa hina, ukaandika: hajambo.

Njoo umwone sasa. Huku chini, kijijini Nambunda, hakuna mto tena. Kuna mchanga, na kwenye mchanga kuna madimbwi. Wanawake wanachimba visima vifupi kando ya dimbwi, wanangoja maji yajichuje mchangani, wanachota kwa kata. Maji yenyewe yamekwenda wapi unajua. Yamezuiwa juu, kwenye lango la lile shamba tunaloliita Mapapai, kwa kibali kilichotolewa na ofisi yenu ya bonde. Tarehe 14 Novemba mnakaa kikao ili mkiongezee kibali hicho miaka kumi mingine, na karatasi itakayolala mezani ni hiyo yako.

Marehemu baba yako alipima kitambaa mbele ya mteja, akimaliza anaongeza shubiri moja juu, asije akasimama mbele ya Mungu akidaiwa. Wewe mwanawe umepima mto mbele ya dereva.

Mdogo wangu Mwahija anaishi Nambunda na mumewe Bakari na binti yao Siti. Hayo maji ndiyo wanayokunywa. Kwa hiyo usinialike chai ofisini. Nataka uifute sentensi ile kabla ya kikao. Simu zangu hupokei, basi nakutumia karatasi kwa basi la Kilwa. Karatasi haikati mtandao.

Samia Mkopi


Kilwa Masoko
9 Septemba 2024

Bi Samia,

Assalaam alaykum. Nimeanza kwa salamu kwa kuwa wewe ulisahau.

Simu sipokei kwa sababu tumekatazwa kuzungumza na watu wa magazeti, na wewe unachoambiwa Jumatatu kinakuwa kwenye safu yako Alhamisi. Barua hii usiichapishe. Nakuandikia kama mtu niliyesoma naye. Na hayo majibu ya Historia yalikuwa mabovu. Swali la Majimaji tulikosa wote wawili.

Unauliza kwa nini Aprili. Fedha za utafiti zilitoka Machi na zilitakiwa ziwe zimekwisha Juni. Mto haungoji bajeti na bajeti haingoji mto. Nilipima chumvi, tope, vinyesi, kila kilichotakiwa kupimwa, na kila nilichoandika nilikiona kwa macho yangu. Neno "mzima" lina maana yake katika mwongozo wetu. Sikusema uongo.

Kibali cha Mapapai kina sharti: kiangazi waache theluthi ya maji ipite langoni. Utaniuliza nani anakagua. Ni sisi, wenye gari moja na mito yote hii. Nimekujibu kabla hujapiga kelele.

Lakini nikuambie na la kwako. Wewe hutafuti mto, unatafuta adui. Ukimkosa mkoloni unamshika mtoto wa Gulamali. Mbona hujaandika hata mstari mmoja juu ya watu wako wa Nambunda, wanaotwanga majani ya utupa kila mwisho wa kiangazi na kuyatia mtoni ili walevye samaki? Sheria inakataza. Mto ulipokuwa unatembea nilikuwa nafumba macho, kwa sababu sumu ya utupa ni ya majani, inazimuliwa na kuchukuliwa. Kama ni kweli mto umekatika madimbwi, sumu haina pa kwenda. Itazama mchangani, na mchanga ndio mtungi wao. Waambie mwaka huu wasivue, si kwa utupa wala kwa kingine chochote. Hilo ndilo uliandike, kama kuandika ndiyo raha yako.

Sentensi siwezi kuifuta, ripoti imeshapokelewa. Nambunda nitakuja baada ya kikao.

Mama yangu, Mama Naziya, anakusalimu. Anauliza kama bado unatafuna pilipili mbichi kama njugu.

Aliraza Gulamali


Nambunda
22 Septemba 2024

Dada Samia,

Shikamoo. Sie hatujambo, tatizo maji. Siti hajambo, karefuka, lile gauni ulilomletea Idi sasa ni blauzi. Kila siku anakuandikia barua halafu anaichana, anasema mama mkubwa atairudisha na kalamu nyekundu.

Limebaki dimbwi moja kubwa, lile la mkuyuni. Limejaa kambare mpaka wanapandana. Siku ya utupa inakaribia, na wanawake tumeshaanza kushona vitunga vya kuopolea. Lakini dada, utupa wenyewe haupo. Ulikuwa unaota kule kilimani, na kilima chote Mapapai wamekisukuma kwa katapila. Tumezunguka kutwa na vikapu, tumerudi na majani ya kumpa mbuzi. Wanaume wanasema watatafuta kingine. Mtendaji naye kapita na spika, atakayevua atakamatwa.

Nina jambo nataka umuulize yule Mhindi wako wa maji. Unakumbuka mama alivyotufundisha: tukishavua, hakuna kuchota mpaka ule ukijani wa majani uondoke. Maji yakitakata, ndiyo tunachimba visima upya. Sasa mto hautembei. Je, yakitakata, yametakata kweli? Bakari ananicheka, ananiambia, "Mke wangu, Mungu kakupa macho ya nini?" Mie moyo hautulii. Niulizie, na unijibu kwa huyuhuyu mwenye bodaboda.

Mdogo wako,
Mwahija


Mtanda, Lindi
27 Septemba 2024

Mdogo wangu Mwahija,

Marahaba. Mwambie Siti kalamu nyekundu nimeitupa jalalani. Aandike, na akikosea ndiyo vizuri, nitajua kaandika mwenyewe.

Kwa Aliraza usinitume kama muombaji. Barua yake ninayo hapa, na unajua imejaa nini? Ninyi. Si lango la Mapapai, si pampu zao. Ninyi na vitunga vyenu! Eti mwaka huu msivue. Mto wameufunga wenye shamba, anayekatazwa kugusa dimbwi ni mwenye mto. Hata Wajerumani walipopita huku hawakufika hapo.

Mama zetu walivua kwa utupa kabla ofisi ya bonde haijazaliwa, na hakuna aliyekufa. Vueni. Mtendaji akija na spika yake mwambie jina lake nitaliandika gazetini kwa herufi kubwa, na la baba yake pia. Siku hiyo ya kuvua nitaitaja kwenye safu, nchi nzima ijue kwamba Namkwinda una wenyewe.

Na juu ya maji, fanyeni kama mama alivyotufundisha. Yakitakata, mchote.

Dada yako,
Samia


Nambunda
10 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Tumevua Jumapili. Samaki hawajawahi kuwa wengi namna ile, walielea kabla hatujamaliza hata wimbo wa kwanza. Maji yaligeuka meupe kama maziwa, kisha yakatakata mapema, mchana huohuo unaona mpaka chini. Watu walifurahi, hakuna kulala na kiu. Tukachimba visima jioni ileile.

Kuna watu wanaumwa. Wanatokwa na mate na machozi, tumbo linawasokota. Wazee wanasema ni homa ya mwisho wa kiangazi. Siti naye kalala. Mboni zake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Tunatafuta gari la kumpeleka.

Usije bado. Nitakuletea habari.

Mwahija


Mtanda, Lindi
19 Oktoba 2024

Aliraza,

Nimerudi kutoka Nambunda. Tumezika watu wanne. Wa nne ni Siti.

Alifia njiani, kabla ya kufika kituo cha afya Kitomanga, juu ya mapaja ya mama yake. Nimemkuta Mwahija kakaa ukumbini. Kila anayempa pole anamjibu, "Alikuwa na kiu." Hayo tu. Bakari hakai na wanaume wenzake. Kakaa peke yake nyuma ya jiko, na mimi nikimtazama anainama. Nimemwonea huruma mpaka nimemchukia aliyemtenda hivi.

Na aliyemtenda namjua. Mapapai wanapuliza dawa usiku na mchana. Dawa hiyo imeshuka na mto, imetuama kwenye dimbwi la mkuyuni, watu wamekula na kunywa. Nimeshaandika, umeona Alhamisi. Nimewaita wauaji, na wewe nimekuita shahidi wao. Najua umeisoma. Mji mzima umeisoma. Duka moja hapa sokoni wameibandika ukutani.

"Bila hofu," uliandika. Nimeyasoma maneno hayo mawili kaburini, kwa sauti, mbele ya watu. Imamu alinishika mkono akaniambia, "Bi Samia, hapa si mahali pake." Nikamwambia nionyeshe mahali pake ni wapi.

Samia Mkopi


Nambunda
26 Oktoba 2024

Samia,

Pole sana. Siti nilimwona mara moja tu, ulipokuja naye kwetu Lindi akiwa mdogo. Mama Naziya alimpa haluwa akaifunga kwenye kanga amletee mama yake. Mungu amrehemu.

Nimekuja kwa likizo yangu, kwa pikipiki ya kukodi. Ofisi hawajui nilipo. Dimbwi lako nimeliona. Ungenichorea kwa maneno mwaka mzima nisingeamini kwamba ule mto nilioupima ndio huu.

Sasa nisikilize, na uahirishe matusi mpaka mwisho wa barua. Sumu si ya Mapapai. Nimepanda mpaka langoni kwao. Limefungwa, na halipitishi hata la kuloweshea kidole. Tope la chini yake limekauka, limepasuka. Tangu mwezi wa nane sharti la theluthi halijatimizwa hata siku moja, na mlinzi wao kanieleza bila kuona haya. Basi fikiri. Mto usioleta maji hauwezi kuleta sumu. Hoja yako inajikata yenyewe.

Maji ya dimbwi niliyatuma mjini siku nilipofika, yakapimwa. Ni ile dawa ya maji ya kupulizia mikorosho. Hapa kila nyumba inayo. Chupa nimeiona kwenye matete, imefunikwa na mchanga kidogo, kama mtu anavyofunika kitu akiwa na haraka. Sikuuliza ya nani. Mdogo wako alinimiminia maji ya kunawa, na muda wote hakuniangalia usoni.

Dawa ile ina rangi ya maziwa, kisha inachanganyika na maji na rangi inapotea. Utupa unakaa na ukijani wake mpaka umekwisha nguvu. Watu wa hapa walifuata mila yao sawasawa, hawakuruka hata hatua moja. Alama waliyoitegemea ndiyo iliyowadanganya. Na mimi ni nani niwacheke? Niliandika "maangavu".

Mapapai wameshajua. Mwanasheria wao ataisema tarehe 14, na mkubwa wangu kanitumia kwa simu sentensi ya kuongeza kwenye ripoti: "Vifo vimetokana na uvuvi haramu wa wakazi wenyewe, hali ya mto haihusiki." Inangoja sahihi yangu. Sijaitia. Sijui nitaikataa mpaka lini, nina mama mgonjwa na mkataba wangu unaisha Desemba.

Neno moja. Tarehe 9 Septemba nilikuandikia kwamba sumu itazama mchangani. Uliwaambia?

Barua hii ukitaka kuichapisha, ichapishe.

Aliraza


Nambunda
31 Oktoba 2024

Dada Samia,

Shikamoo.

Bakari wamemchukua jana. Alijitokeza mwenyewe. Chupa ilitoka nyumbani kwangu, ilikuwa uvunguni pamoja na vifaa vya mikorosho. Nilijua siku ya msiba ulipokuwa unawataja Mapapai, nikanyamaza. Niliona ni heri uwachukie watu walio mbali.

Alitia kidogo, dada. Alisema, "Utupa sumu, hii sumu, kama samaki wa utupa hatudhuru, wa hii atatudhuruje?" Mie nilimkatalia, tukagombana, mpaka barua yako ikafika. Nikawasomea barazani, wote wakiwepo. Ulipofika pale pa mtendaji na baba yake watu walicheka sana. Siti ndiye aliyenishikia taa. Kisha nikasoma ule mwisho, yakitakata mchote. Bakari akasema, "Umeona? Dada yako amesoma kuliko sote." Nikaacha kugombana.

Yule Aliraza kaniambia alikuwa amekwishakuandikia. Aliniambia kwa upole, nadhani alidhani najua.

Sikukatai. Wewe ni dada yangu, sina mwingine. Watu hapa wanasema usiandike tena juu yetu, kila ukiandika tunazika. Mie nimewaambia utaandika, ila safari hii utaandika na mengine uliyoyaacha.

Dimbwi limezungushiwa miba. Maji tunayafuata Kitomanga kwa baiskeli. Wasio na baiskeli wanaruka miba.

Mwahija


Mtanda, Lindi
10 Novemba 2024

Kwa mwenyekiti na wajumbe wa kikao cha kibali cha maji ya mto Namkwinda. Nakala kwa Aliraza Gulamali, Kilwa Masoko.

"Wamejiua wenyewe."

Sentensi hiyo mtaisikia tarehe 14, itakuwa imevalishwa suti. Mtaambiwa kwamba watu wa Nambunda walivua kwa sumu, wakanywa sumu yao, na kwamba mwenye chupa amekiri na yuko mahabusu. Yote hayo ni kweli. Mimi ndiye niliyeandika gazetini kwamba si kweli, na niliandika vibaya. Alhamisi hii safu yangu itasema hivyo, pahali palepale, kwa herufi zilezile. Bakari ni shemeji yangu. Siti alikuwa mwanangu. Nimezishona barua zetu zote pamoja na hii ili msome wenyewe nani alijua nini, na lini. Mtakuta kwamba jibu la kuwaokoa watu wale lilikaa kwenye mkoba wangu tangu katikati ya Septemba, na sikulipeleka kwa sababu lilikuja pamoja na maneno yaliyoniudhi. Mahakama ikimtafuta mwenzake Bakari, anwani yangu iko juu ya ukurasa.

Sasa nimekubali kila kinachonihusu. Iliyobaki ni yenu.

Mwanasheria atasema: hali ya mto haihusiki. Ulizeni basi. Kwa nini watu wazima, wenye mila iliyowalinda miaka yote, walitumia chupa? Kwa sababu kilima kilichoota utupa kimesukumwa na katapila la Mapapai, na hakuna kati yenu aliyekwenda kuuliza nini kinaota pale. Kwa nini kile kidogo alichotia Bakari hakikuchukuliwa na mto? Kwa sababu hapakuwa na mto wa kukichukua. Kwa nini walikunywa kando ya dimbwi walilovulia? Mlitaka wanywe wapi? Mto uliotembea ulisamehe makosa ya watu hawa tangu enzi za bibi zao. Mliuondoa mto, makosa yakabaki na watu.

Sisemi Mapapai walitia sumu. Nasema walifunga lango, kinyume cha sharti mliloliandika ninyi, na ninyi hamkwenda kuangalia. Mlingoja Aprili.

Wapo watakaosema mwandishi huyu alikosea jana, kwa nini asikilizwe leo? Msinisikilize mimi. Twendeni tukausikilize mchanga. Kikao kisikae ukumbini. Kikae Nambunda, mkuyuni, kiangazi hiki kabla mvua hazijaja kuwafichia aibu. Shukeni kwa miguu kutoka darajani, pale gari la ofisi linaposimama. Mwahija Mkopi atawakaribisha na maji ya kunawa aliyoyabeba kwa baiskeli. Ya kunywa njooni nayo.

Aliraza, wewe nakwambia peke yako mbele ya watu wote hawa. Uliniuliza kama niliwaambia. Sikuwaambia. Hilo ndilo jibu, na nitalibeba. Lakini wewe bado una kalamu mkononi na sentensi mbili mbele yako. Ile waliyokupa usiitie sahihi. Ile ya Aprili ifute, na juu yake andika ulichokiona langoni tarehe 26 Oktoba, shubiri kwa shubiri, kama baba yako.

Na ninyi wajumbe, msigonge muhuri. Kabla hamjafungua kikao, fungueni lango.

Samia Mkopi